Usiung'oe Mmea Uliolala

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunajua kwamba mmea uliokauka umekufa. Kwenye nchi za theluji, ujuzi huo utakutia hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa bustani niling'oa Hosta sita, mimea ya majani mapana, mwezi Machi nikidhani zimeoza, kumbe zilikuwa zinangoja udongo upate joto. Mimea ya kudumu ya aina hii hukauka juu kila baridi, mizizi ikabaki hai chini. Hosta huchelewa kuamka, kwa hiyo usiikatie tamaa kabla ya mwisho wa Mei.

Kabla ya kununua, soma kibandiko cha mmea, kinachoonyesha baridi unayoweza kuhimili. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyosahihishwa mwaka 2023, ina kanda 13 zinazopimwa kwa wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka. Kanda ya 5 hufika kati ya nyuzi -29 na -23 za Selsiasi. Uingereza, chama cha bustani cha Royal Horticultural Society hutumia madaraja ya H1 hadi H7. Hapo wengi hunaswa: Marekani namba ndogo ndiyo baridi kali, Uingereza namba kubwa ndiyo mmea mgumu. H7 huvumilia hata chini ya nyuzi -20.

Lakini namba haisemi yote. Mimea mingi huuawa na maji yanayotuama mizizini wakati wa baridi kuliko baridi yenyewe. Kniphofia, yenye maua kama mwenge na asili yake Afrika, huhimili jalidi vizuri, ila kwenye tope huoza. Udongo wako ukiwa mfinyanzi, changanya mboji na uinue tuta. Ukipanda kwenye chungu, chagua mmea unaohimili kanda mbili za baridi zaidi ya yako, maana mizizi ya chunguni haina ardhi ya kuikinga.

Angalia pia majina. Mmea unaouzwa madukani kwa jina la geranium mara nyingi ni Pelargonium ya kusini mwa Afrika, na jalidi huumaliza. Geranium halisi ndiyo hurudi kila mwaka.

Kwa anayeanza: Hosta kivulini, Nepeta (jamii ya mnanaa) na Sedum (yenye majani manene) juani. Hemerocallis, yenye maua kama yungiyungi, nayo haisumbui kabisa, ila kama una paka iache, kwa kuwa huharibu figo zake. Paeonia, yenye maua makubwa, huishi miongo mingi, na yenyewe inahitaji baridi ili ichanue. Macho yake, yaani machipukizi ya mizizini, yafunikwe kwa udongo wa sentimita 3 hadi 5 tu. Ukizidisha utapata majani matupu, kisha utalaumu mbolea.

Panda majira ya machipuko, au wiki sita hivi kabla ardhi haijaganda. Matandazo ya kukinga baridi yawekwe ardhi ikishaganda. Kazi yake si kuupasha mmea joto. Yanazuia ardhi isigande na kuyeyuka mara kwa mara, maana hali hiyo huisukuma mizizi michanga nje ya udongo.

Ukiwa mpangaji anayehamahama, Hosta na Hemerocallis hugawanyika kwa jembe na kusafiri bila kinyongo. Paeonia haipendi kuhamishwa. Ikibidi, ihamishe majira ya kupukutika kwa majani. Ukivuka mpaka wa nchi, uliza kwanza kuhusu cheti cha afya ya mimea.