Kabla Hujapanda Kwenye Viatu vya Pointi

Usinunue viatu bado. Kiatu cha pointi, kile cha baleti cha kusimamia ncha za vidole, hakikunyanyui. Ncha yake ngumu ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na chini ya wayo kuna ubamba mgumu, basi. Kitakushikilia ukishapanda, lakini kukupandisha ni kazi ya misuli yako.

Umri: walimu wengi hungoja mtoto afike miaka 11 au 12, tena awe ameshasoma baleti ya kawaida kwa miaka kadhaa, kwa sababu mifupa ya miguu bado inakua. Mtu mzima naye asijione amesamehewa hayo mafunzo.

Kaa chini, nyoosha mguu na wayo. Mstari kutoka kwenye muundi hadi vidoleni unyooke. Usiponyooka, ukipanda utavutwa nyuma na magoti yatakunjika.

Halafu rileve (kupanda kwenye mashina ya vidole na kushuka) za mguu mmoja, goti limenyooka, zifike 20 au zaidi kila upande. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nisikilize. Mimi nilifika 30. Nilihesabu kila jioni nimeshika kiti, nikajiona tayari, na mwalimu wangu wa wakati huo naye aliuliza idadi tu. Wiki ya tatu kwenye pointi, nikiwa nashuka, kifundo kilipinduka kwa nje. Nikasikia kitu kikikatika kama uzi mnene, na kabla sijafungua riboni mguu ulikuwa umeshavimba. Nilikaa miezi minne bila kucheza. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia alinivua soksi, akasimama nyuma yangu na kunirekodi kwa simu nikipanda. Ilipofika mara ya nane niliona mwenyewe: kisigino kinaingia ndani, uzito wote unahamia kidole cha mwisho. Zile 30 zangu zilikuwa 7 tu. Kwa hiyo jirekodi kutoka nyuma, miguu mitupu, panda na kushuka polepole. Kisigino kikianza kuyumba, hesabu imeishia hapo, hata kama shavu la mguu bado lina nguvu.

Misuli midogo ya wayo ina zoezi lake. Weka wayo sakafuni, vuta mashina ya vidole kuelekea kisigino mpaka uvungu upande, bila kukunja vidole. Siku za mwanzo wayo utakakamaa, pumzika, urudie. Anayezoea kukunja vidole sasa atavikunja hivyo hivyo ndani ya kiatu.

Tumbo na nyonga zikaze, maana kiwiliwili kikilegea kifundo ndicho kinacholipa.

Siku ya kununua viatu, nenda upimwe ukiwa umesimama. Usiache nafasi ya kukulia: mguu utateleza hadi nchani na kucha itabeba mwili mzima. Kucha zenyewe kata fupi, kwa mstari ulionyooka.

Anza na dakika 10 hadi 15 mwisho wa darasa, mwili ukiwa umepata moto, mikono yote miwili kwenye baa, ile fito ya kushikilia darasani. Usijaribu peke yako nyumbani. Usiazime viatu vya mwenzako, wala usivae vilivyokwisha kulainika. Malengelenge ni ya kawaida. Maumivu makali nyuma ya kifundo si ya kawaida, vua viatu umwone daktari. Na ukiwa umechoka siku hiyo, baki na viatu laini.