Kompyuta Iliyopitiwa na Radi: Namna ya Kutafuta Kilichoungua

Ni nadra sana radi kuipiga kompyuta yenyewe. Mara nyingi hupiga nguzo, mti au ardhi ya jirani, kisha msukumo wa umeme wake husafiri kwa nyaya hadi ndani ya nyumba na kuunguza kile unachokikuta njiani. Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, tafuta kwanza ulikoingilia. Kompyuta ya mezani huwa na njia mbili au tatu: waya wa soketi, kebo ya mtandao inayotoka kwenye ruta au antena ya paani, na kebo ya televisheni ikiwa skrini imeunganishwa na kisimbuzi.

Jambo hili nililifahamu nilipokuwa nikiishi Nkuhungu, hapa Dodoma, radi ilipopasua mwarobaini wa jirani usiku mmoja wa Januari. Plagi nilikuwa nimeichomoa mapema, kama tulivyofundishwa tangu utotoni, na asubuhi kompyuta iliwaka vizuri, lakini intaneti haikupatikana. Nilihangaika na mipangilio ya programu nusu siku nzima kabla ya kuchomoa kebo ya mtandao na kumulika tundu lake kwa tochi. Ndani mlikuwa na weusi kama masizi ya kibatari, na pini mbili zilikuwa zimeyeyuka ncha. Kebo hiyo ilipanda hadi kwenye antena ya paani, nami sikuwa nimeikumbuka.

Usianze uchunguzi wowote mvua ikiwa bado inanguruma. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kisha hakikisha umeme wa nyumba wenyewe uko salama, kwa sababu radi inaweza kukata waya wa nyutro, yaani ule wa kurudisha umeme, kwenye nguzo, na hapo soketi ikapokea volti nyingi kuliko 230 za kawaida. Dalili yake ni taa kung'aa kupita kiasi katika baadhi ya vyumba, au kufifia na kung'aa kwa zamu. Ukiona hivyo, zima meni swichi, uwaarifu TANESCO, na usichomeke kitu chochote mpaka waya urekebishwe. Mwenye mita ya kupimia umeme, na anayejua kuitumia, aipime soketi kabla ya kuiamini.

Sasa ije kompyuta. Ikiwa haiwaki kabisa, anza na vitu rahisi: jaribu soketi nyingine, jaribu waya mwingine wa umeme, kisha fungua plagi uitazame fyuzi. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Wapo wanaoifunga kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na siwezi kuelewa mtu anayeokoa fyuzi ya shilingi mia chache kwa kuhatarisha nyumba nzima. Ekstensheni yenye kinga ya umeme nayo ikaguliwe, maana kinga ya ndani yake huenda imejitoa mhanga. Ikiwa imevimba, inanuka au taa yake ya kinga imezimika, itupwe hata kama bado inapitisha umeme.

Baada ya hapo kinachoshukiwa ni pawa saplai, lile sanduku la chuma ambalo waya wa umeme huingia. Usilifungue sanduku hilo. Kapasita zilizomo, yaani vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji ya umeme, huhifadhi volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na wako mafundi wazoefu waliorushwa nazo. Lakini unaweza kulipima kwa nje. Fungua ubavu wa kompyuta plagi ikiwa imechomolewa, kisha chomoa kiunganishi kikubwa chenye pini 24 kutoka kwenye madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote. Chomeka plagi ukutani na upime kati ya waya wa zambarau na waya mweusi: panapaswa kuwa na volti 5 hata kabla ya kuwasha chochote. Pakiwa na sifuri, sanduku hilo limekufa. Volti 5 zikiwepo, chomoa plagi, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande kifupi cha waya, kisha chomeka tena. Feni inapaswa kuzunguka, waya wa njano uonyeshe takribani volti 12 na mwekundu 5. Kipimo kikipungua au kuzidi kwa zaidi ya asilimia 5, libadilishe. Ikiwa nyaya zote ni nyeusi, kama ilivyo katika baadhi ya masanduku mapya, kazi hiyo mwachie fundi.

Hapa pana tahadhari ambayo mara nyingi husahaulika. Unaweza kuazima pawa saplai nzima na kuijaribu kwenye kompyuta inayoumwa, lakini usichukue ile inayoshukiwa ukaifunga kwenye kompyuta nzima ya mwenzako, kwani inaweza kutoa volti zisizodhibitiwa na mkabaki na kompyuta mbili mbovu.

Pawa saplai ikiwa nzima na kompyuta bado imelala, ondoa kila kisicho cha lazima: diski, kadi zote za nyongeza, hata kipanya na kibodi. Bakiza madabodi, prosesa (chipu kuu) na feni yake, na kijiti kimoja cha ramu, yaani kumbukumbu ya muda. Zikiwaka, rudisha kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa plagi kila mara, mpaka umpate mkosaji. Zisipowaka, kagua madabodi kwa tochi, hasa karibu na matundu ya kebo, ukitafuta alama za kuungua au kapasita zilizovimba vichwa. Madabodi iliyoungua huwa sishauri kutengenezwa. Gharama ya fundi hukaribia bei ya iliyotumika, na uhakika ni mdogo.

Diski, hata hivyo, ni habari nyingine, kwa sababu ndiyo iliyobeba picha na kazi zako. Itoe, iunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, na ikisomeka nakili kila kitu siku hiyohiyo. Diski ya kuzunguka isiyotoa mlio wowote huenda imeungua saketi yake ndogo ya chini tu, na fundi mwenye ujuzi anaweza kuifufua. Ila usinunue saketi inayofanana na kuipachika mwenyewe, kwa kuwa ndani yake mna chipu yenye taarifa za diski hiyo pekee.

Kwa kompyuta mpakato, mara nyingi kinachokufa ni adapta peke yake. Soma volti zilizoandikwa juu yake, kwa kawaida 19 au zaidi kidogo, na upime kama ndizo zinazotoka.

Ikibainika kwamba ni tundu la mtandao pekee lililoungua, kama langu, lizime katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka, na ununue kadi ya mtandao ya kuchomeka au adapta ya USB. Jaribu pia kila tundu la ruta kwa zamu, kwa sababu huwa yanakufa mawili au matatu na mengine yakabaki mazima.

Mwite pia fundi umeme aukague waya wa ethi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Radi za mwanzo wa msimu, Novemba na Desemba, huikuta ardhi yetu ingali kavu, na ardhi kavu haipokei umeme kwa urahisi. Nondo fupi ya ethi iliyokaa kwenye kifusi haisaidii kitu. Kompyuta iliyofufuka nayo iangaliwe kwa miezi kadhaa, na nakala za kazi ziwekwe nje yake kila wiki, maana chipu iliyojeruhiwa inaweza kufanya kazi vizuri leo na kuzima bila taarifa mwezi ujao. Yangu iliendelea miaka miwili na kadi yake ya kuchomeka, na kilichoharibika kwanza kilikuwa feni, kwa vumbi.