Kabla hujakaa kwenye kiti cha meno: ganzi, usingizi na maandalizi yake

Kuna mtu atapanda mnazi wa Mikindani hadi kileleni bila wasiwasi, ila akisikia mashine ya meno inalia chumba cha pili, anaaga kwamba anapokea simu nje, harudi tena. Simcheki. Nami nimewahi kupokea simu hiyo.

Wengi wetu ombi letu ni moja: "Daktari, nipige nusu kaputi, nikiamka jino halipo." Nusu kaputi ni usingizi kamili, wa chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi, si wa kila jino. Kati yake na sindano ya ganzi kuna ngazi. Ipo gesi ya naitrasi oksaidi, inayovutwa puani pamoja na oksijeni: unabaki macho, mwili unalegea, na ikifungwa unarudi sawa baada ya dakika chache. Daktari wa meno Mmarekani, Horace Wells, aling'olewa jino lake mwenyewe kwa gesi hiyo mwaka 1844. Vipo vidonge vya kutuliza kama diazepamu, na ipo dawa ya mshipani kama midazolamu, ambayo unasinzia lakini ukiitwa unaitika, na baadaye hukumbuki mengi.

Si kila kliniki ina yote haya. Kwa hiyo ulizia siku kadhaa kabla, iwe ni hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo kwa walioko Mtwara, au hospitali ya Sokoine kwa walioko Lindi: zaidi ya ganzi mna nini? Na nikisinzia, nani ataangalia pumzi yangu? Swali la pili ndilo zito. Asiyekuwa na jibu lake, mwache akupe ganzi tu.

Chakula ndicho kinachochanganya watu. Kama ni ganzi peke yake, kula kabla ya kwenda. Mwenye njaa na woga kwa pamoja huzimia kirahisi. Kama ni dawa ya mshipani au nusu kaputi, kwa kawaida hakuna chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya dawa, na maji matupu mwisho ni muda wa saa 2 kabla yake, kwa sababu kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Uji ni chakula, mama, hata uwe mwepesi vipi. Mwenye kisukari asifunge kabla hajaelekezwa kuhusu dawa zake.

Msimu wa mabibo kuna wanaotafuta ujasiri kwenye uraka, pombe ya mabibo hayo. Usithubutu. Pombe na dawa za usingizi zikikutana, pumzi inapungua.

Beba pakiti za dawa zote unazotumia, za presha, kifafa au za kuzuia damu kuganda, na utaje mitishamba pia. Sema kama una pumu, una mimba, au sindano iliwahi kukudhuru.

Halafu usingoje uvimbe. Penye usaha ganzi haishiki vizuri, na nahisi hadithi nyingi za "niling'olewa hivihivi nikisikia" zilianzia hapo.

Ukipewa dawa ya kusinzisha, nenda na mtu mzima wa kukurudisha. Bodaboda hapana, hata kwa kupakiwa. Unaweza kusinzia njiani. Kwa saa 24 usiendeshe chombo, wala usiende chama cha msingi cha ushirika kusaini karatasi za korosho. Ming'oko, ile mizizi yetu ya kutafuna, isubiri mpaka ganzi iishe, pengine baada ya muda wa saa 2 hadi 4, usije ukatafuna mdomo wako mwenyewe. Watoto ndio hujiumiza zaidi hapo.

La mwisho halina gharama: mkubaliane ishara. Ukiinua mkono wa kushoto, daktari anasimama. Mimi ilinitosha hiyo na ganzi. Niliinua mara mbili, na mara ya pili ilikuwa pua tu inaniwasha.