Mlango wako kwenye Blender unazunguka ovyo? Anza na bawaba

Wengi wakianza Blender, programu ya kutengeneza vitu vya 3D, wanabonyeza R alafu wanasogeza mausi mpaka jicho liridhike, kitu kinaonekana kimekaa sawa kabisa, wakija kutazama kwa upande mwingine ndo wanakuta kimelala mshazari. Manake R peke yake inazungusha kitu kufuata pale ulipokaa wewe unatazama, yaani kufuata skrini. Haijui ukuta wako uko wapi.

Kwahiyo zoea kutaja mhimili, yaani mstari ambao kitu kinauzungukia, na kuandika namba. R, Z, 90, Enter. Kwenye Blender Z ndo inaenda juu, X ni kushoto kulia, Y ni mbele nyuma. Kujua itazungukia wapi tumia mkono wa kulia: dole gumba lielekeze upande mhimili unakoelekea, vidole vingine vinavyojikunja ndo njia ya namba chanya. Ikienda kinyume weka alama ya kutoa. Umeharibu kabisa? Alt+R inarudisha mzunguko wote sifuri.

Sasa tuchukue mlango wa nyumba, upana sentimita 90, urefu mita 2.1. Umeutengeneza kwa kyubu, ukauzungusha kwa Z, unashangaa unazunguka kama feni, nusu inaingia ndani nusu inatoka nje. Mhimili uko sawa hapo, tatizo ni ile nukta ya rangi ya chungwa katikati ya mlango, Blender inaiita origin, maana kitu kinazungukia pale ilipo nukta yake na mlango wa kweli unazungukia kwenye bawaba. Bonyeza Tab uingie kuhariri, bonyeza 2, chagua ukingo wa wima upande wa bawaba, alafu Shift+S uchague Cursor to Selected, utaona kale kaduara ka mistari myekundu na myeupe, ndo 3D Cursor, kamehamia pale. Tab utoke, bonyeza mausi kulia, Set Origin, Origin to 3D Cursor. Jaribu tena R, Z, 75, mlango unafunguka kama unavyofunguka wa kwako nyumbani.

Madirisha ndo yanataka akili zaidi, hasa yale ya kusukuma chini yakafunguka kwa nje, bawaba ziko juu. Kama nyumba umeigeuza digrii 30 itazame barabara, R X itakupindia dirisha, kwasababu hiyo X ni ya dunia nzima na ukuta wako hauifuati tena. Bonyeza X mara mbili, R X X, hapo linatumia X ya kwake lenyewe. Ukiwa na madirisha 12 umeyachagua yote pamoja, kwanza bonyeza kitufe cha nukta (.) kwenye kibodi uchague Individual Origins, la sivyo yatazunguka yote kwa pamoja kuzunguka kati ya kundi.

Na hapa nakuomba sana uwe makini na Ctrl+A ukichagua Rotation, yaani kuiambia Blender mkao wa sasa wa kitu uhesabike kuwa sifuri. Watu wanaambiana kila saa "apply rotation, apply rotation", ni kweli mara nyingi inasaidia unapopeleka kazi Unity, programu ya kutengeneza magemu. Lakini ukiifanya kwa dirisha lililokaa kwenye ukuta wa mshazari, Blender inaandika sifuri, mihimili yake inarudi kufuata dunia, na R X X haikusaidii tena. Mimi niliifanya kwa nyumba nzima nikagundua siku ya pili wakati wa kuanimeti, nikakaribia kuanza upya madirisha yote.

Usianze upya. Chagua dirisha, R, Z, -30, Enter, likae sawa na dunia. Ctrl+A, Rotation. Alafu R, Z, 30, Enter. Limerudi palepale ukutani, ila sasa ukifungua paneli kwa N unaona Z imeandikwa 30, na R X X inafungua vizuri.