Jinsi ya Kuandika Anga Kwenye Daftari la Familia

Kwetu mimi ndiye shangazi anayetembea na rula. Watoto wa kaka zangu wananicheka, lakini ukizuka ubishi kuhusu siku ya harusi fulani, kama mvua ilianza kabla ya hotuba au baada yake, wanakuja kwangu. Familia nyingi hutunza tarehe tu: huyu alizaliwa lini, yule alifariki lini. Kwenye daftari langu kila tarehe ina anga lake, na ukifuata utaratibu ninaoeleza hapa, nawe utakuwa nalo.

Chukua daftari la jalada gumu. Simu hupotea, na picha zake huzikwa chini ya picha nyingine. Tukio moja, ukurasa mmoja: juu tarehe, saa na mahali, katikati lililotokea, chini anga. Andika siku hiyohiyo kabla ya kulala, maana kesho utakuwa umeshaanza kutia chumvi.

Hapo chini ndipo penye kazi. Usiandike "mvua kubwa". Kila mvua ni kubwa kwa aliyelowa. Weka uwanjani chombo ambacho mdomo na kitako vina upana sawa na pande zake zimenyooka, mbali na ukuta na miti, kisha pima maji kwa rula. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Siku ya harusi ya mdogo wangu rula ilisoma milimita 38, na turubai la wageni lilikuwa mita sita kwa kumi. Zidisha mwenyewe: lita 2,280 zilishuka juu ya vichwa vyetu wakati mshereheshaji akisema ni manyunyu ya baraka.

Upepo hauhitaji kifaa. Mwaka 1805 Francis Beaufort, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipanga ngazi ya upepo kuanzia 0 hadi 12, na baadaye ikaongezewa dalili za nchi kavu. Vumbi na karatasi zikiinuka, ni 4. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, ni 5. Mwavuli ukikushinda, ni 6. Vijiti vikikatika mitini na kutembea kukawa kazi, ni 8, na hapo usiwe nje ukisubiri kuona 9.

Mawingu yagawe mafungu manane kwa macho, kama wanavyofanya wataalamu wa hali ya hewa: fungu 0 ni anga jeupe, 8 ni limefunikwa lote. Watoto wa miaka sita wanaiweza kazi hii, na wanaipenda kwa sababu wanaruhusiwa kubishana na wakubwa. Mvua ya mawe ikipita, na ipite kwanza, okota jiwe kubwa kuliko yote, lipige picha kando ya rula, kisha litie kwenye jokofu. Kwa upinde wa mvua lipe jua mgongo. Jua likiwa juu sana mchana, usihangaike kuutafuta.

Radi ikianza, daftari lifungwe. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikisikika kabla hujafika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na watu waingie ndani, hata kama hapo ulipo halijadondoka tone. Ndani maana yake ni nyumba yenye kuta au gari lenye paa la chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Turubai si kinga, na chini ya mti ni pabaya zaidi. Ngurumo ya mwisho ikisikika, subiri dakika 30 ndipo mtoke. Nusu saa hiyo ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu jua hutoka na muziki unawaita.

Kwenye sherehe yoyote ya nje mimi huomba kitu kimoja: achaguliwe mtu mmoja wa kuangalia anga, naye apewe mamlaka ya kumkatiza yeyote kwenye kipaza sauti, awe mzee wa ukoo au kiongozi wa dini. Asiwe mzazi wa bwana au bibi harusi. Hao siku hiyo hawaoni kitu. Na wakati wa kuondoka, kama barabara imefunikwa na maji yanayokwenda kasi, hakuna kuvuka. Sentimita 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Namba hizi ziandike ndani ya jalada, zionekane kila daftari linapofunguliwa.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe. Mtoto anapozaliwa, toka nje usiku huo au alfajiri, uandike mwezi una umbo gani na sayari gani zinaonekana. Kazi hiyo ya dakika tano inakupa ratiba ya siku zake za kuzaliwa. Akitimiza miaka 8, Zuhura atakuwa amerudi karibu palepale alipokuwa. Akifika 12, Mshtarii atakuwa amemaliza mzunguko na kurejea kwenye nyota zilezile. Akifika 19, mwezi utakuwa na umbo lilelile la siku aliyozaliwa, pengine kwa tofauti ya siku moja. Mzunguko huu unaitwa kwa jina la Meton, mtaalamu wa nyota wa Athens aliyeishi karne ya 5 kabla ya Kristo. Zohali yeye ni mvivu, hurudi baada ya miaka 29 na nusu. Mpwa wangu mkubwa alizaliwa mwezi ukiwa umejaa, na siku alipotimiza 19 nilimtoa nje ya sherehe yake mwenyewe nikamwonyesha. Aliniuliza nilijuaje. Nilimfungulia ukurasa wake.

Kupatwa kwa jua nako kuna ukoo. Baada ya miaka 18, siku kumi au kumi na moja na saa nane hivi, hutokea kingine kinachofanana nacho sana, ila zile saa nane huihamisha njia yake theluthi moja ya dunia kuelekea magharibi. Cha tarehe 11 Agosti 1999 kilipita Ulaya hadi India. Nduguye wa 21 Agosti 2017 akavuka Marekani. Anayefuata ni wa 2 Septemba 2035, atakayepita China na Japani. Kile cha 2 Agosti 2027, kitakachofunika jua kwa zaidi ya dakika sita huko Luxor, Misri, ni cha ukoo wa 22 Julai 2009. Kwa watoto nunua miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, na miwani ya kawaida ya jua isikudanganye. Isipopatikana, toboa karatasi ngumu kwa sindano, lipe jua mgongo, na mtazame kivuli: taswira ndogo ya jua lililomegwa itaonekana chini. Mwezi ukipatwa, tazameni kwa macho matupu bila wasiwasi.

Vimondo ni rahisi zaidi: usiku wa 12 kuamkia 13 Agosti, na wa 13 kuamkia 14 Desemba. Zimeni taa, mwache macho yazoee giza kwa dakika 20, na atakayewasha simu aombe radhi kwa wote.

Wapo pia wazee wasiojua tarehe zao, na hapa daftari hufanya kazi kinyumenyume. Mzee akisema alizaliwa mwaka jua lilipozimika mchana, usimkatize. Muulize: nyota zilionekana? Ilikuwa asubuhi au alasiri? Ilikuwa majira ya mvua au ya kiangazi? Giza kamili hupita mahali pamoja mara moja tu kwa karne kadhaa, kwa wastani, kwa hiyo tarehe zinazoweza kulingana ni chache. NASA wametoa orodha za kupatwa kwa jua kwa miaka elfu tano, pamoja na ramani. Nyota yenye mkia pia husaidia: ya 1997 ilionekana kwa miezi, ya Halley ilikuja 1986, na ile ya Oktoba 1965 iling'aa mpaka ikaonekana mchana kando ya jua. Kwa mwaka 1910 uwe mwangalifu, kwani zilikuwa mbili: moja Januari, na ya Halley iliyofuata miezi michache baadaye. Tarehe utakayoipata kwa njia hii iandike kwa penseli, na uipitishie kalamu ya wino pale mzee wa pili, ambaye hakumsikia wa kwanza, atakapotaja majira yaleyale.