Jinsi ya kusoma picha ya zamani ya mama aliyevalia kitamaduni

Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, Nairobi, yamehifadhi mamia ya picha za mchoraji Joy Adamson, nyingi ni za rangi ya maji, na zikitundikwa watu hupita mbio, "aki mrembo", halafu huyoo wanaenda kuona nyoka. Ukipata nafasi simama mbele ya moja tu, na lebo usiiguse kwanza. Ukishasoma kabila akili inafunga duka.

Anza kichwani ushuke. Kichwa na masikio ndio huongea sana. Chukua mama wa Kirendille, ukiona nywele zimesimamishwa katikati kama kilemba cha jogoo, zimepakwa udongo na mafuta, hiyo ni doko na si urembo tu, huwekwa na mama ambaye kifungua mimba wake ni wa kiume, na akifiwa na mume ama ndugu wa karibu wa kiume inanyolewa. Kwa hivyo hujasoma hata neno moja na ushajua ameolewa, ana kijana, na siku alipochorwa hakuwa na msiba wa aina hiyo. Masikioni mwa mama wa Kikuyu tafuta hang'i, zile hereni kubwa za duara za shanga, pia ni za aliyeolewa. Msamburu, angalia mporo shingoni, ule mkufu wa aliyeolewa.

Halafu nguo. Ni ngozi ama kitambaa? Ngozi ni ya mifugo ya nyumbani, amerikani ni ya dukani, na shanga za glasi nyingi zilitoka Venice na Bohemia, so mtu akikuambia eti hapo unaona Afrika ambayo haijaguswa na mtu, mcheke kidogo.

Sasa mchoraji mwenyewe. 1949 serikali ya kikoloni ilimpa Adamson kazi ya kuchora watu wa Kenya kabla mavazi yao hayajapotea, maana yake alikuwa anawinda ya kale na ya sherehe. Hapa ndio wengi hupotea, wanadhani mama alikuwa anaenda mtoni hivyo kila siku! Vazi ni la kweli lakini siku ilichaguliwa. Angalia pia nyuma yake, mara nyingi ni karatasi tupu, hakuna boma, hakuna barabara, hakuna askari, na kazi hiyo ilikuwa bado inaendelea hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952.

Rangi usiziamini sana. Rangi ya maji hupauka kwa mwanga, nyekundu zingine ndio za kwanza kwenda, kwa hivyo usikate kauli eti shanga zilikuwa pinki. Kama picha ni yako, chungulia ukingo uliofichwa na fremu, huko rangi hubaki.

Lebo sasa soma. Majina mengine ni ya kikoloni, Wapokot waliitwa Suk, Wakipsigis wakaitwa Lumbwa, ukitafuta mtandaoni andika yote mawili.

Mwisho, kama unaruhusiwa kupiga picha, pelekea shosho wa jamii hiyo. Usimuulize "hii ni hang'i, si ndio?" atakubali tu umalize. Muulize, "Shosho, mtu akivaa hivi kwenu ni nani, na ni siku gani?" halafu nyamaza. Wazee wawili wakipingana andika yote, na kila mmoja anatoka wapi.