Somo: Hemu ya Krismasi, kuanzia buchani hadi mezani

Wadau wa Arusha, Krismasi inabisha hodi na maswali ya hemu yamekuwa mengi. Hemu ni paja la nyuma la nguruwe lililokolezwa chumvi. Zile za supamaketi, zilizopikwa tayari, zinafaa mwenye haraka: unapasha tu. Kwangu mimi paja bichi ulilokoleza mwenyewe linazishinda, alimradi uanze mapema. Wa kula tarehe 25, nyama iingie kwenye chumvi tarehe 20 au 21.

1. Buchani

Hapa usikimbizwe. Nenda bucha ya kitimoto asubuhi, tafuta muhuri wa mkaguzi kwenye ngozi. Nyama nzuri ni ya waridi, ukiibonyeza inarudi, mafuta yake meupe na magumu. Iliyopauka na kuchuruzika maji iache, itakukaukia jikoni. Ukiona vifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, hilo ni tegu: usinunue, na mkaguzi aambiwe.

Kisha uliza: jike au dume? Nyama ya dume asiyehasiwa hutoa harufu kali ikipata moto, na hakuna kiungo cha kuifunika. Muuzaji akijiumauma, omba kipande kidogo cha mafuta kitupiwe kikaangoni (bucha nyingi za kitimoto zina jiko hapo hapo), unuse kabla hujatoa hela.

Kilo 4 zenye mfupa zinatosha watu 10 hivi. Omba upande wa kuelekea gotini: mfupa ni mmoja, umenyooka. Upande wa nyonga una nyama zaidi, ila utahangaika na kisu mbele ya wageni.

2. Chumvi

Maji lita 4, chumvi gramu 280, sukari nusu kikombe, pilipili manga, karafuu, kitunguu saumu kilichopondwa. Chemsha, yaache yapoe kabisa. Chumvi ipime kwa mizani. Kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani uzito. Nunua sindano kubwa mpya duka la dawa, vuta maji hayo udunge kando ya mfupa pande zote, maana huko ndiko chumvi huchelewa kufika na nyama huanza kuharibika. Zamisha paja kwenye ndoo, weka sahani juu lisielee, funika, friji siku 4. Geuza kila siku. Ubaridi wa usiku wa Arusha si friji, tusidanganyane.

3. Motoni

Suuza, chemsha kwenye maji mapya kwa moto mdogo, maji yatikisike tu, saa tatu hivi. Vua ngozi ingali moto, bakiza mafuta, yachanje mshazari na uchomeke karafuu. Paka asali, haradali na juisi ya nanasi. Ovena nyuzi 200, nusu saa, ukipaka tena katikati. Ipumzike dakika 20 ndipo ukate.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Sakina:* Sina ovena, nafanyaje?
Sufuria nzito, mfuniko wa bati, mkaa mwingi juu, kidogo chini. Chungulia mara kwa mara, asali huungua upesi.

*Mdau wa Njiro:* Mkuu, kipimajoto changu kwenye maji yanayochemka kinasoma 95. Kibovu?
Kizima kabisa. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Ndiyo maana muda wa mapishi ya Dar huku haukutoshi. Kichomeke katikati ya nyama bila kugusa mfupa. Ikisoma 70, epua.

*Mdau wa Usa River:* Kwa nini ya dukani ni ya waridi na yangu ya kijivu?
Viwandani hutia nitriti. Usiikisie nyumbani, ikizidi ni sumu. Kijivu ni rangi tu, ladha ipo.

*Dada wa Ngaramtoni:* Umeme ukikatika nyama ikiwa kwenye chumvi? Halafu nina wakwe Waislamu siku hiyo.
Gandisha chupa za maji mapema, uzitumbukize ndooni zikiwa zimefungwa, na friji usiifunguefungue. Umeme ukipotea zaidi ya saa nne, ipike siku hiyo hiyo. Kwa wakwe, kuku achinjwe na Mwislamu, apikwe kwa sufuria, kisu na ubao ambavyo havijawahi kugusa kitimoto, ikiwezekana kwa jirani Mwislamu. Na mama mkwe mwambie mapema nini kitakuwa mezani, asije akakigundua sahani ikiwa mkononi.